Nimewafungia Wazee Chumba Alichowaachia Mama

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu, natumaini u mzima wewe na wa nyumbani kwako, na kama kuna anayeumwa Mungu amnyanyue. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa, naomba msaada wako.

Mimi ni mwanamke wa makamo, kazi yangu udobi, nafua na kupiga pasi hapa hapa nyumbani. Mama yangu mzazi nilimuuguza miaka minne, nyonga zilikataa, nikawa namwogesha, namvalisha, na kila Alhamisi nampeleka zahanati kupimwa presha, namwacha kwenye benchi na wazee wenzake nawahi pasi yangu. Wale wazee wakishapimwa walikuwa hawaondoki, wanapiga soga mpaka mlinzi awafukuze, basi mama alipofariki tukakuta ameandika wasia kwa wakili, vyumba vya nyuma ni vyangu, chumba cha mbele pamoja na akiba yake ya kununulia viti ni vya wazee wa mtaa wapate pa kukaa mchana. Sikupinga, mshauri, Mungu ni shahidi, chumba nilikipaka rangi kwa mikono yangu.

Wakaja, wakafurahi, nami nikawa nasikia vicheko vyao nikiwa kwenye beseni uani. Siku moja nikawapelekea chai, na mzee mmoja tunayemwita Kinyozi, ndiyo kazi aliyostaafu, akaniambia, "Binti yetu, hebu sikia. Mama yako alikuwa akifika pale benchi anasema, 'Jamani, leo nimefuliwa, nimesuuzwa, nimekamuliwa, bado kuanikwa tu!' Tunashika mbavu!" Wote wakaangua kicheko. Mimi nikaweka chai nikatoka, nikaenda kulia nyuma ya kamba za nguo. Miaka minne, mshauri, mama hakunitania hata siku moja, nikimwogesha anageuza uso ukutani, ananijibu ndiyo na hapana, kumbe utamu wote alikuwa anawapelekea wao na mimi ndiye kichekesho.

Kesho yake nikafunga chumba, nikawaambia kitasa kimeharibika, fundi anakuja. Uongo mtupu, ufunguo ninao mfukoni mwa gauni, na kila jioni bado napiga magoti kusali. Wiki ya tatu sasa wanakaa kwenye ngazi za mbele, juani, wakiniona wananiambia, "Pole na kazi, mwanetu." Jana Kinyozi kasema, "Usihangaike na mafundi wa siku hizi, maneno mengi kazi sifuri. Alhamisi nakuja na bisibisi yangu." Akikifungua ataona ni kizima, uso wangu nitauweka wapi? Na nikiwafungulia, kile kicheko nitakivumiliaje? Tafadhali nijibu mapema, Alhamisi isinikute.

Dobi mwenye aibu

JIBU

Dada Dobi, pole kwa msiba, maana barua yako ni ya msiba hata kama umeijaza habari za kitasa. Nikugombeze kwanza tumalize. Kuwaweka wazee wa watu juani wiki tatu ni vibaya. Chumba kile si chako, ni amana ya marehemu, na hukuhitaji mimi nikwambie.

Sasa tuliza moyo. Wewe huwanyimi chumba, unawaonea wivu kwa mama waliyempata. Wao walimpata akiwa ameshavaa. Wewe ulimpata kabla. Mtu aliyekuzaa, aliyekuogesha ukiwa huwezi hata kukaa, leo wewe ndiye uliyeshika sabuni, ulitaka akutanie vipi? Aligeukia ukuta ili asikuone ukimwona. Ile ni haya, dada, wala si chuki. Akishakuwa safi, akafika kwa wenzake, ndipo utani wake ulipomrudia.

Tena ule utani umeusikia vibaya. Wangapi pale benchini walikuwa na nguo za juzi kwa kukosa mtu wa kuwafulia? Mama yako alikuwa anawaringia! Alikuwa anakusifu, kwa namna ya watu wa rika lake, kwa kujicheka yeye mwenyewe.

Usingoje Alhamisi, mzee wa watu asibebe bisibisi bure. Ukimaliza kusoma hapa nenda pale ngazini useme, "Wazee wangu, kitasa ni kizima, mimi ndiye niliyekuwa na uchungu. Nisameheni." Usijitetee. Watakutania, tena sana, vumilia, hiyo ndiyo adhabu yako. Baadaye mpatane siku moja ya wiki chumba kipumzike na wewe upumzike, sioni mahali wasia ulipokataza. Lakini leo nguo za watu zingoje. Vuta kiti, mwambie Kinyozi aendelee pale ulipotoka. Miaka minne ya maneno ya mama yako wanayo wao vichwani, na wote wana presha. Usiwacheleweshe.