Ujumbe wa Darasa kwa Mwalimu Ramani

Jumatatu, 4 Novemba

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Ule ujumbe wa darasa kwa mwalimu wa Jiografia – niliuandika mimi. Karibu wote.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Ramani (ndivyo tunavyomwita akiwa hayupo) anastaafu mwisho wa mwezi. Darasa likakubaliana tumpe kadi yenye msimbo wa QR, ule mraba wa vidoti vyeusi. Akiusoma, unamfungulia ukurasa wenye maneno ya kila mwanafunzi. Mimi ndiye katibu, kazi ikaniangukia. Nikaomba. Nikakumbusha. Nikabembeleza. Wao kesho, kesho! Mwishowe wakaleta wawili tu, tena utani mtupu. Ningempa mzee wa watu ukurasa mweupe? Nikakaa kwenye kompyuta ya maktaba nikawaandikia wenzangu wote waliobaki, kila mmoja kwa namna anavyoongea.

Na hili ndilo linaloniwasha uso hata sasa: nilifurahia. Hasa ule wa mwenzetu tunayemwita Bondia. Nilipoumaliza nilijiona mwandishi kwelikweli.

Kadi alipewa Ijumaa mbele ya shule nzima. Akaigeuzageuza. Akauliza, hii ni chemshabongo? Mbona maswali yake siyaoni? Watu walicheka mpaka basi.

Leo kanisimamisha kwenye korido. Simu yake ni ya vitufe, haina hata kamera. Anataka kujua kama kompyuta ya mezani inaweza kusoma ule mraba. Nikasema haiwezi, mwalimu, mpaka upate simu ya kisasa.

Inaweza. Nilijaribu mwenyewe kabla kadi haijachapwa.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemkwepa kutwa nzima. Mchana nilimwona anakuja, nikainama kujifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Jumatano, 6 Novemba

Ameusoma.

Saa ya mapumziko niliingia maktaba kurudisha kitabu, nikamkuta kwenye kompyuta – kiti kimesogezwa mpaka tumbo linagusa meza, miwani juu ya paji la uso, pua karibu na skrini. Kumbe alimuuliza dada wa maktaba. Dada akamwambia mbona rahisi tu, mwalimu!

Shikamoo yangu haikutoka vizuri. Akaitikia bila kugeuka. Kisha akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, binti, si uliniambia haiwezekani?

Nikasema sikujua.

Sasa nimedanganya mara ngapi? Na adhabu yake ilikuja palepale. Aliniambia nivute kiti, anifundishe! Eti haifai nimalize shule bila kujua kitu kizuri namna hii. Akaweka kadi kwenye skana, uso chini, akafunga kifuniko taratibu kama anafunika mtoto. Akabonyeza. Picha ikatokea. "Hapa unaihifadhi. Usiwe na haraka. Sasa fungua ule ukurasa wa kusomea misimbo. Haya, iburute picha, iburute... iachie hapo katikati. Umeona?" Linki ikatokea chini. "Bonyeza wewe." Nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa nilioutengeneza kwa mikono yangu.

"Maajabu, si ndiyo?" akasema.

Nikasema ndiyo, mwalimu.

Alinirudisha tena mwanzo, peke yangu, ahakikishe nimeelewa. Nilijifanya nimekosea mahali pamoja ili isionekane naijua. Akanirekebisha kwa upole. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulipokuwa tunatoka akasema: miaka yote hii nilidhani wananivumilia tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo mambo yameharibika zaidi.

Mwalimu ameuchapa ukurasa wote kwenye karatasi. Anatembea nao kwenye mfuko wa koti. Aliniita nje ya chumba cha walimu, akafungua karatasi kwenye ujumbe wa Bondia. Ameupigia mstari.

Nauandika hapa kama nilivyouandika kule: "Mwalimu, baba alipoondoka nyumbani sikumwambia mtu. Kila ulipotundika ramani ukutani nilikuwa naitazama natafuta mji ambao huenda yupo. Ndiyo maana sikuwa nasikiliza. Nisamehe."

Kuhusu baba yake Bondia ni kweli. Mama yangu alisikia kwa mama yake Bondia, akatusimulia mezani, akamaliza kwa kusema isitoke humu ndani. Hayo ya ramani nilibuni. Yalinijia ghafla nikayapenda. Sikufikiria kabisa kwamba Bondia ni mtu, ana nyumba, ana mama. Nilifikiria sentensi.

Mwalimu akasema, unajua nilikuwa namtoa nje? Kila mara. Nikimwona anaikodolea macho ramani wala hanisikilizi, namwambia toka. Na mtoto anamtafuta baba yake! Sauti ikamkatika. Nikatazama viatu vyake, vimepigwa rangi vizuri, kisigino kimoja kimelika.

Anataka kumwomba radhi. Bondia! Kanituma nimlete kesho maktaba baada ya kengele ya mwisho, kimyakimya, asiaibike mbele ya wenzake.

Nikaitikia. Mdomo wangu hauna breki kwenye ndiyo.

Mama kaona sijagusa chakula. "Mwanangu, unaumwa?" Nikasema kichwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Nilimfuata Bondia uwanjani wakati wa mapumziko. Sijawahi kuongea naye zaidi ya kumdai daftari la kazi. Alikuwa peke yake anaupiga mpira ukutani. Nikamweleza yote kwa mkupuo, bila kuvuta pumzi, nikimtazama kifua.

Akaushika mpira. "We, nani kakwambia mambo ya baba yangu?"

Nikasema mama.

"Na hayo ya ramani?"

"Nimeyatunga."

"Ramani! Mimi nilikuwa nalala tu, macho wazi. Muulize yeyote." Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza nani mwingine ameona. Nikasema mwalimu, na labda dada wa maktaba. Nikamwambia naomba radhi. Akasema: "Usinifuate." Akachukua begi lake akaelekea getini, na vipindi viwili bado vimebaki.

Nikabaki na kengele ya mwisho.

Niliwaza kwenda nyumbani. Niliwaza kumwambia mwalimu kwamba Bondia anaumwa – uongo wenyewe ulikuwa tayari mdomoni, umeshapigwa pasi. Miguu ikanipeleka maktaba.

Mwalimu alikuwa amepanga viti viwili mbele ya kompyuta. Amevaa tai. Ukurasa umeshafunguliwa. Akatazama nyuma yangu. "Mwenzako yuko wapi?"

Nilifunga mlango. Nikakaa kwenye kiti cha Bondia. Nikaomba arudi juu kabisa, kwenye jina la kwanza.

"Mwalimu, huu niliandika mimi."

Hakuelewa. Alitabasamu, akasema ndiyo, wewe ndiye katibu, ulinakili. Nikasema hapana. Niliutunga mimi. Na unaofuata. Na kompyuta nilijua inaweza kusoma, tangu mwanzo.

Akashusha miwani machoni. Mkono wake ukabaki juu ya kipanya. Halafu akaanza kuteremka, jina kwa jina, bila kunitazama.

"Na huu?"

"Mimi."

"Na huu?"

"Mimi."

"Wa Bondia?"

"Mimi, mwalimu. Hakuwahi kusema chochote."

Niliisikia kompyuta inavuma. Akateremka tena. "Na huu unaosema suruali zangu zinaanzia kwapani?"

"Huo ni wa mwenye jina kweli. Alinitumia mwenyewe."

Akacheka kidogo, kwa pua. "Afadhali," akasema, na hapo ndipo nikaanza kulia, si yeye.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bondia, begi mgongoni, jasho limemtoka. Hakunitazama hata kidogo. Akamtazama mwalimu, kisha skrini, jina lake likiwa pale pale juu ya maneno yangu.

Nikasimama. Nikampisha kiti.