Nilivyosafisha Pua Nikajua Ulichonifichia

Kwako shoga yangu Kibiriti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama na wale watoto wa dada yako. Na mkono je? Nimeambiwa vidole viwili bado havikunjiki vizuri, na kwamba sasa unafunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo sijui. Kuna jambo nimekuficha tangu ulipofukuzwa bekari, na leo nalitoa, hata kama baada ya hapo hutataka kuniona tena.

Nianze na pua, kwani yote yametokea huko. Unajua vumbi la unga lilivyonitesa: chafya kumi mfululizo, macho mekundu, kichwa kizito hapa juu ya nyusi, leso mbili kwa siku. Mwezi uliopita nilikwenda zahanati kutafuta vidonge. Nesi akanimulika puani kwa tochi, akaguna, akasema hii ni aleji ya siku nyingi na uvimbe umeziba njia zote, kwa hiyo kwanza niwe naisafisha pua kwa maji ya chumvi. Nilidhani ananitania. Akanionyesha chupa laini ya plastiki yenye mdomo mwembamba, akanionya mara tatu kwamba maji yachemshwe kisha yapoe yawe vuguvugu, nisithubutu kutumia ya bomba hivi hivi, na chumvi iwe kidogo tu, isizidi ile ya machozi.

Basi nikainama kwenye sinki la nyumbani, kichwa upande, mdomo wazi, nikabinya. Shoga! Maji yaliingia tundu hili yakatokea tundu lile! Nilipiga ukelele hadi mume wangu akaja mbio na taulo. Aliponiona akakaa juu ya ndoo akacheka mpaka akakosa pumzi, akasema miaka yote hii alidhani ameoa mke, kumbe ameoa birika. Siku ya kwanza nilizidisha chumvi, pua ikawaka moto. Ya pili nikasahau kupumua kwa mdomo, nikapaliwa. Lakini sikuacha, asubuhi na jioni. Yaliyokuwa yakitoka sitakueleza, huenda unasoma huku unakula.

Wiki ya tatu nilikuwa nafua, nikasimama ghafla na shati mkononi. Sabuni ilikuwa inanukia. Nikaingia jikoni nikanusa kitunguu, nikanusa kahawa, nikamnusa na mume wangu, akaniuliza kama nimerogwa. Nilikaa sakafuni nikalia. Yeye alidhani ni furaha, na kweli furaha ilikuwepo, lakini zaidi nililia kwa hofu, kwa sababu nilijua nilichokuwa nimekifanya.

Shoga yangu, nilikuwa sinusi kitu kwa miaka miwili. Hata moshi nilikuwa siusikii. Na unakumbuka utaratibu wetu: anayefungua mlango anaingia peke yake kabla ya wote, anapiga magoti mbele ya kila oveni, ananusa chini sakafuni kama kuna gesi, kisha anaita "Washa!" nawe unaingia na kibiriti chako. Mnusaji alikuwa mimi. Kila alfajiri nilipiga magoti, nikavuta pumzi kwa kishindo mpaka mlio uwafikie ninyi mlioko nje, na nilikuwa sipati chochote. Niliogopa kusema. Nani angemwachia funguo mtu asiyenusa? Nikajiambia koki za gesi hufungwa jioni, hakuna kitakachotokea.

Kikatokea. Ile alfajiri niliita "Washa!" na oveni ya pili ikalipuka mbele yako, ikakuunguza mkono. Bosi akasema ni wewe uliyeacha koki wazi jana yake, wewe hukubisha, akakufukuza mkono ukiwa bado kwenye bandeji. Nami nilisimama pale pale, nimeshika funguo, nikanyamaza.

Sasa sikia ya Jumatatu. Tangu moto ule huwa tunafungua madirisha yote kabla ya kuwasha, lakini mvua ilinyesha wikendi nzima, kila kitu kilifungwa. Nikaingia, nikapiga magoti mbele ya oveni ya pili, na harufu ikanipiga puani nikaanguka nyuma. Gesi! Nikaishika koki: imefungwa, tena imekazwa. Nilitoka mbio nikifukuza watu, nikaenda kufunga mtungi. Fundi wa gesi alipokuja akavuta oveni, akatuonyesha mpira wa nyuma, ule kati ya mtungi na koki. Una ufa, na ndani ya ufa kuna masizi ya moto ule. Bosi alibadilisha oveni, mpira akauacha ule ule. Hukuacha koki wazi. Hukukosea kitu chochote.

Nikasema yote pale pale, mbele ya bosi, fundi na wenzetu wote. Nilisema wazi kwamba sikuwa nanusa na kwamba nimekuacha ubebe mzigo wangu.  Ndipo Mkandaji, yule asiyeongea mpaka alipwe kwa kila neno, akafuta unga mikononi akasema yeye alijua. Aliambiwa na wewe.

Anasema ulijua tangu siku keki ilipoungua pembeni yangu nami nikaendelea kupiga soga. Anasema kila alfajiri baada ya mimi kuita, wewe ulikuwa unainama kwenye kila oveni kama unafunga kamba za viatu, unanusa upya, ndipo unawasha. Mwaka mzima! Na ile siku ulikuwa na mafua, pua imeziba kabisa. Ulimwambia hukutaka kujitetea, kwa sababu wangeuliza kwa nini mnusaji hakuinusa gesi, na hapo ningepoteza kazi mimi.

 Miezi minane nakwepa kuja kwako, naficha siri ambayo wewe ndiye uliyekuwa unanifichia. Viatu vyako, shoga yangu, mbona havikuwa hata na kamba? Nilikuwa na macho mazima, nami sikuona.

Funguo nimerudisha. Bosi amenisimamisha, na ni haki. Atakuja kwako Jumamosi kukuomba radhi na kukurudisha kazini. Mimi nitakuja Jumapili, peke yangu. Ukinifungia mlango nitaelewa, nitakaa hapo barazani mpaka utakaponifokea.

Nisalimie mama, mwambie nitamwona nikiruhusiwa. Wabusu watoto. Mume wangu anakusalimu, ameacha kucheka.

Ni mimi mwenzako wa bekari,
Mama Pacha