Dereva wa Lori la Kuku

Pearsall, Mississippi
19 Oktoba 2014

Kaka yangu mpendwa Lucius,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Natumaini figo zinakupa nafuu, na ile mashine ya hospitali haikuchoshi kama mwezi uliopita. Shemeji Renetta hajambo? Sisi huku tunaendelea, ila shinikizo langu la damu limepanda na daktari ameniambia nipunguze hasira. Nikamwomba anionyeshe siku moja katika miaka kumi na moja ambayo mahakama imeniacha nipumue, niianzie hiyo.

Kwenye simu ulisikia tu kwamba mdogo wetu Alton katoka gerezani, kisha nikaanza kulia. Sasa nikueleze vizuri, maana hukuweza kuja.

Kesi unaikumbuka. Kiwanda cha mbao cha Strayhorn kiliungua, mlinzi, mzee Pickett, akafia ndani. Alton alikuwa amefukuzwa kazi pale siku nne tu kabla. Alijitetea kwamba saa ile alikuwa barabara ya Meridian, gari limemharibikia, na mzungu mmoja mwenye lori la kuku akasimama kumsaidia kufunga mkanda wa injini. Jina lake hakuuliza. Mwendesha mashtaka akaligeukia baraza, wale raia kumi na wawili wa kuamua kesi, akasema, "Mabibi na mabwana, tunaletewa malaika wa kuku!" Wakacheka, kisha wakamtia hatiani. Kifungo cha maisha.

Rufaa ya kwanza ilikataliwa kwa sentensi mbili. Ya pili ilipotelea kwa karani, akaniambia bila haya kwamba labda imeingia kwenye mafaili ya talaka. Nilikwenda hadi akawa ananiona mlangoni anafumba macho. "Bibi Verlene, wewe tena?" Nikamjibu, "Mimi tena. Na kesho nitakuwa mimi tena."

Ndipo akaja wakili Miriam Castellaw kutoka Jackson, binti mwembamba, lakini hasikii la mtu. Alidai sanduku zima la kesi, si zile karatasi walizotuchagulia. Akalipata, na ndani akakuta mambo mawili.

La kwanza ni orodha ya watu walioitwa ili wachaguliwe kuwa barazani. Kila jina la mtu mweusi lilizungushiwa duara la wino wa kijani. Kumi waliitwa, tisa wakakataliwa, kila mmoja na kisingizio chake. Earline Tubbs, yule mpishi wa shule, alikataliwa eti anaonekana amechoka. Mzungu aliyekoroma kikao kizima akachaguliwa. Earline alipoambiwa alinijia juu kama mimi ndiye niliyeandika: "Nimechoka? Nani aliyechoka akalisha watoto mia nne kila mchana? Waniulize mimi uchovu!"

La pili, Lucius, ni maelezo ya dereva wa lori la kuku. Yupo! Anaitwa Dewitt Oglesby. Wiki mbili baada ya moto alisoma gazeti, akaenda mwenyewe kwa sherifu, akaeleza gari la Alton, rangi yake, saa yenyewe, akatia sahihi. Karatasi ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Sheria inawalazimisha wampe mshtakiwa kila kitu kinachoweza kumwokoa. Wao waliilaza sandukuni.

Unadhani hapo walifungua mlango? Walisema "walipitiwa". Kesi ikaahirishwa mara tatu: mara wakili wao ana mafua, mara kuna msiba, na mara ya tatu ilikuwa dharura ya kifamilia, siku ileile msimu wa kuwinda kulungu ulipofunguliwa. Nilikaa kwenye lile benchi hadi nikajua msumari gani umelegea.

Hatimaye mzee Oglesby akaja kutoa ushahidi, miaka sabini na minne, kofia mkononi. Jaji alimuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo. Akasema, "Sikunyamaza, mheshimiwa. Nilisubiri waniite. Walipokaa kimya nikajua wamempata mwenye kosa." Kisha akamwangalia Alton. "Ndiye huyu. Alinipa nusu ya mkate wake wa samaki."

Mahakama ya rufaa ikafuta hukumu kwa sababu zote mbili. Serikali, badala ya kuona aibu, ikaleta biashara: akiri kosa dogo, aende nyumbani siku hiyohiyo. Nilimsihi asaini. Nilipiga magoti, Lucius. Akaniambia, "Dada, nikisaini nimemuua Pickett." Akakaa ndani miezi saba mingine akisubiri kesi irudiwe, mpaka wakayafuta mashtaka wenyewe.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Siku ile mzee Oglesby alipomtambua Alton, watu wa kanisa letu waliojaa mahakamani walilia kwa furaha. Mimi nililia kwa aibu. Wiki aliyofukuzwa kazi, Alton alikaa mezani kwangu akasema Strayhorn anastahili kuchomewa kiwanda. Nilisikia kwa masikio yangu. Tangu moto ule niliamini ni yeye, na dereva wa kuku nilimhesabu uongo. Nilipigania rufaa kwa sababu walichezea baraza, na kwa sababu ni mtoto wa mama yetu. Nilipomsihi asaini, nilikuwa namsihi mtu mwenye hatia.

Jana akaniuliza kama niliwahi kumtilia shaka. Nikasema hata siku moja. Akasema, "Hilo ndilo lililonibeba." Leo asubuhi nikamwambia kweli.

Hakufoka. Alitoka nje akapasua kuni mpaka mchana, kuni tusizozihitaji. Aliporudi aliuliza kama mkate wa mahindi umebaki. Nikampakulia na kunde. Akala, akafuta sahani, akasema, "Kumbe kila mwezi ulikuwa unakuja kumtembelea muuaji."

Nikasema ndiyo.

"Kila mwezi," akarudia. "Hukukosa hata mmoja." Akatoka tena. Mpaka ninapoandika, hajaniambia neno lingine, nami sijui kama amenisamehe au anatafuta pa kuhamia.

Nisalimie Renetta na watoto wote. Ukipata nguvu mpigie Alton, yeye, si mimi. Mwache aseme anachotaka, wala usinitetee.

Ni mimi dada yako,
Verlene