Kuhusu Ile Runinga, Baba

Keumbu, Kisii
Jumatatu, baada ya shule

Kwa Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini goti lako limetulia na kwamba Mama hajaanza tena kubeba ndoo za maji peke yake. Mimi ni mzima. Kikohozi kilinishika kwa sababu ya baridi ya huku, lakini mke wa Mjomba alinipikia uji wa wimbi asubuhi na jioni mpaka nikapona. Usimwambie Mama, ataanza kulia.

Baba, najua ulishangaa siku ile uliponipigia simu ukaniuliza jambo, nami nikakujibu "sijui, sijui", kisha nikamrudishia Mjomba simu yake. Si kwamba sikujua. Unanijua nilivyo. Simu ya Mjomba inasikika chumba kizima, na nikiona watu wananitazama, maneno yananikauka mdomoni. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Uliniuliza hivi: mimi ninayeishi kwenye nyumba yenye runinga ya mpira, naonaje, uweke runinga hotelini au usiweke? Ulisema tangu watu wa Voi waanze kukimbilia katikati ya mji kutazama mechi za Ulaya kila wikendi, uwanja wetu umebaki na mbuzi, na birika lako linapoa bila mtu wa kulinywa. Nilikuelewa. Lakini usichokijua ni kwamba kaka Salim alinitumia ujumbe siku hiyo hiyo. Aliandika: "Mwambie mzee akileta hiyo TV pale kando ya uwanja, mimi jezi naivua. Siwezi kucheza huku wateja wa baba yangu wamenipa mgongo." Kwa hiyo tangu hapo nimekaa katikati yenu kama kitu kilichoangushwa njiani. Nikisema lete, nimemuumiza kaka. Nikisema usilete, hoteli ndiyo hiyo inakufa, na hoteli ndiyo sisi.

Sasa nikueleze nilichokiona, kisha uamue.

Mjomba Twaha anauza vitambaa upande wa mbele, barabarani. Upande wa nyuma ndipo penye ukumbi wa mpira, wao wanauita vidio. Ni mabati, viti vya mbao, na runinga kubwa ndani ya kimia cha chuma. Mlangoni kuna ubao mweusi ambapo Mjomba anaandika mechi za siku kwa chaki. Jumapili alasiri hapaingii hata sindano. Nikiwa jikoni nawasikia wakipiga kelele, na mvuke wa pumzi zao unatoka juu ya bati kama kuna kitu kinachemka humo.

Uwanja wa timu ya hapa uko chini ya soko, nyuma ya kituo cha kupimia majani chai. Umeinama. Mpira ukitoka upande wa chini unaingia kwenye migomba, na golikipa ndiye anayeufuata. Timu inaitwa Timu ya Soko, jezi zao ni kijani iliyopauka. Nilianza kwenda huko muhula wa kwanza, kwa sababu, Baba, Jumapili huku ni ndefu. Watu si wabaya, usidhani. Lakini shuleni mwalimu akitoka tu, wenzangu wanaingia kwenye Kikisii, na mimi nabaki nimeshika kalamu. Wakikumbuka nipo, wananitafsiria. Lakini mzaha ukitafsiriwa unakuwa habari tu, nacheka nikiwa nimechelewa, na wao wanaona nimechelewa. Uwanjani hakuna anayengoja nicheke. Unasimama, unatazama. Na mpira naujua, wewe mwenyewe ulinifundisha nikiwa nimekalia ndoo iliyogeuzwa pale hotelini.

Siku nyingine tulikuwa watazamaji wanne: mimi, Mama Kwamboka anayeuza mahindi ya kuchemsha, na wazee wawili wanaokuja kubishana mambo yao ya mashamba. Baba, kuna mabeki wawili ambao kipindi cha kwanza walikuwa vidio, wamevaa jezi tayari, wakaja mbio baada ya kuona timu yao ya Uingereza imefungwa. Kocha Nyakundi akawauliza, "Mmetoka wapi?" Mmoja akajibu, "Kocha, tulikuwa tunasoma mbinu." Kocha akasema, "Basi someni na hii," akawaweka benchi. Ila hakukuwa na wengine wa kuingia, akawatoa tena benchi.

Nilimpenda kocha siku hiyo. Ndiyo maana nilifanya kitu ambacho hata sasa nikikikumbuka masikio yananiwaka. Mechi ilipokwisha nilimfuata nikamwambia, kwa sauti yangu hii ya panya, "Kocha, kwa nini msicheze Jumamosi asubuhi? Asubuhi hakuna mechi ya runinga, na mvua huwa haijaja." Nilikuwa nimelifikiria wiki nzima. Kocha alinitazama, kisha akamwita golikipa, jitu refu linaloitwa Mokaya. "Shemasi, njoo usikie. Mgeni anataka tucheze Sabato. Utadaka ukiwa mimbarini?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Baba, karibu nusu ya watu huku ni wa Sabato! Jumamosi soko lenyewe linapoa. Nimekaa hapa muda wote huu na sikuwa nimeliunganisha. Timu ina Jumapili tu, na Jumapili ndiyo imeshikwa na Uingereza. Lakini Mokaya hakucheka kama wale wengine. Alisema, "Wazo halikuwa baya, dada. Siku ndiyo mbaya." Tangu hapo akiniona huinua glavu moja.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile, si ya jana, ya kabla yake. Timu kutoka Nyamache ilikuwa imekuja. Mvua ilinyesha mapema ikaacha. Kule vidio palikuwa na mechi ya wakubwa wawili, watu wamejaa mpaka nje. Mimi niko uwanjani na Mama Kwamboka. Tumefungwa bao moja. Mara tukasikia kelele kutoka juu, si ya bao, ile ya hasira. Mama Kwamboka akasema, "Stima imepotea," kumbe umeme umekatika kule vidio. Akafungua sufuria yake na kuanza kupanga mahindi upya, kwa haraka.

Nawe ungeona, Baba! Walianza kuteremka. Kwanza vijana wa bodaboda, kisha wanafunzi, kisha wanaume wazima na makoti yao, mpaka mstari wote wa juu ukajaa. Hawakuwa na pengine pa kwenda. Mjomba naye alikuja nyuma yao. Alikuwa amefunga ukumbi asiibiwe viti, ufunguo uko mfukoni. Akaja akasimama karibu nami, akasema, "Kumbe huwa unakuja huku?" Miezi yote hiyo alidhani naenda kusoma kwa mwenzangu.

Vijana wetu waliona watu wakaingiwa na wazimu. Hawakuwa wamezoea. Dakika za kwanza kila mtu alitaka kupiga chenga, mpira ukawa unapotea hovyo, na watu wa vidio wakawa wanawazomea. "Wee namba nane, unalima?" "Rudisha hiyo mguu kwa fundi!" Lakini baadaye wakatulia. Pasi zikaanza kufika. Kelele ikabadilika, ikawa ya kusukuma. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wengi na kwa mara ya kwanza huku sikujiona mgeni, kwa sababu sote tulikuwa tunatazama kitu kimoja.

Kisha beki wetu akamwangusha mtu wa Nyamache ndani ya boksi. Penalti. Mpira umewekwa. Mokaya amejipanguza mikono kwenye nyasi. Na hapo hapo, kule juu sokoni, taa ya duka la simu ikawaka, na kijana mmoja akapiga kelele, "Wasee, stima imerudi!"

Baba, waliondoka. Wote. Hawakungoja hata penalti ipigwe. Mlima mzima wa migongo, unapanda mbio, wengine wanateleza kwenye tope na kuinuka. Mchezaji wa Nyamache alisimama mikono kiunoni akiwatazama. Mwamuzi pia. Mokaya aliangalia tu chini.

Nikageuka kumtazama Mjomba, nikijua naye keshaondoka. Alikuwa bado amesimama. Kule juu walishafika mlangoni na kukuta kufuli. Wakaanza: "Twaha! Buda Twaha! Fungua!" Mmoja akarudi mbio, anahema, "Mzee, ufunguo, tunakosa!" Mjomba hakumtazama. Alisema, "Ngoja apige." "Mzee, watu wamejaa huko!" "Nimesema ngoja apige."

Ikapigwa. Mokaya aliruka kushoto, mwili wote, akaupangua mpira kwa vidole ukagonga mwamba na kuingia migombani. Sijawahi kuona kitu kama hicho, wala kwenye runinga. Akaanguka, akainuka, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuinua macho kutazama mstari wa juu, kama mtu anayetafuta shahidi. Palikuwa tupu.

Sijui kilichonipata. Unajua mimi hata mwalimu akiita majina hujibu "nipo" kwa kuinua mkono. Nilipiga ukelele, "Mokaya! Nimeiona! Nimeiona!" Sauti ilinitoka kubwa, ikapasuka katikati. Wachezaji wote wakageuka. Mama Kwamboka akaanza kupiga vigelegele. Na Mokaya akainua glavu zote mbili.

Mjomba ndipo akasema, "Haya," akapanda kilima polepole, yule kijana akimzunguka kama nyuki.

Tulifungwa lile bao moja, nisikudanganye. Na baada ya mechi nilijikaza nikamwuliza Mokaya alijuaje upande wa kwenda. Akacheka. "Kwa mjomba wako, dada. Jumapili jioni tukimaliza hapa naenda kule. Kipa mmoja wa Ulaya anaangalia nyonga ya anayepiga, haangalii macho. Nimemsoma mwaka mzima." Baba, nilikuwa nimeshaandika moyoni barua ya kukukataza kabisa, na yeye akaichana kwa maneno hayo machache.

Jana Mjomba alifungua ukumbi akiwa amechelewa makusudi, mpaka mechi yetu ilipofika mapumziko. Je, watu walikuja uwanjani? Hawakuja. Walipanda pikipiki wakaenda vidio ya Nyakoe. Mkewe alimsema sana jikoni: "Umewafukuza wateja ili nani acheke?" Kwa hiyo kufunga hakuleti watu, hilo nimeliona kwa macho yangu. Mtu humpeleki uwanjani kwa kumzimia taa.

Lakini leo asubuhi, nikienda shule, nilimkuta anaandika ubao wa wiki hii. Juu kabisa, kabla ya wakubwa wote wa Uingereza, aliandika: TIMU YA SOKO, JUMAPILI, UWANJANI. Kijana wa bodaboda akasimama kusoma. "Buda, hii ya kwanza inaonyeshwa na chaneli gani?" Mjomba, bila kugeuka: "Chaneli ya miguu. Tembea." Kijana akacheka akaenda zake. Sijui kama atakuja. Sina uhakika atakuja.

Basi jibu langu ni hili. Lete runinga, Baba. Watu wameshaondoka, na hutawarudisha kwa kuwanyima. Na Salim mwenyewe mpira wa kona alijifunzia wapi kama si kwa jirani, akichungulia dirishani? Lakini isiwe TV ya kumpa mwanao mgongo. Weka ubao, na timu yetu iwe juu. Na Salim akicheza, ufunguo ukae mfukoni mwako wewe, si mwa mpishi, mpaka filimbi ya mwisho. Watalalamika, wengine watakwenda kwingine na utapata hasara kidogo. Mwambie Salim hivyo mbele yake, umwambie na hasara. Nadhani ataivaa jezi.

Na jambo moja la kwangu. Jumapili saa kumi, ukifunga hoteli, toka usimame pale kwenye mstari, hata kama ni wewe na mbuzi. Mimi saa hiyo nitakuwa huku chini ya soko nimesimama vile vile. Nikijua na wewe umesimama, uwanja wa huku hautakuwa mpana sana.

Nisalimie Mama, umwambie kikohozi kimekwisha kabla hajasikia kilianza. Nisalimie Bibi, mama yako, nimemwekea majani chai kwenye kifurushi kinachokuja na barua hii, asiyachanganye na yale ya dukani. Msalimie shangazi Mwanahawa anayekukatia vitunguu hotelini, na dadangu mdogo Rukia, asivae viatu vyangu. Na Salim mwambie amepata salamu mbili, moja yangu na nyingine ya golikipa mmoja ambaye ni shemasi.

Mvua imeanza tena, nami naenda kuanua nguo za watu.

Ni mimi bintiyo asiyejua kuongea kwenye simu,
Zuhura