Dawa Mbili Tumbo Moja

Jumatatu, 3 Machi. Awindiri.
Zamu ya asubuhi kliniki, muuguzi ni mimi peke yangu. Malaria, vidonda, malaria tena. Kaka yangu Taban kapiga simu kutoka nyumbani Abuku: Mama kashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Hajawahi tangu damu ilipomvujia kwenye ubongo mwezi wa kwanza. Ni yale matone ya mafuta niliyompa, nikajisemea. Nimetembea kliniki nzima kifua mbele.

Jumatano, 5 Machi.
Nimesoma tena kwenye simu kuhusu mafuta ya bangi, yale yasiyolevya. Panya waliovuja damu kichwani walipewa, uvimbe ukapungua. Panya. Kwa binadamu bado, wameandika wazi. Nilisoma hayo kabla sijamnunulia Mama kichupa kule Inde. Nilisoma, nikaruka. Daktari wake sikumwambia, angenikataza. Mama naye ni mtu wa kanisa. Nilimwambia ni dawa ya kichwa, basi.

Ijumaa, 7 Machi.
Simu kwa Mama. Nimesisitiza matone, asubuhi na jioni. Vidonge vya presha sikuuliza. Anavyo, niulize nini?

Jumapili, 9 Machi. Hospitali ya Koboko.
Mama kaanguka mlangoni mwa kanisa. Mdomo umepinda. Presha iko juu mno. Daktari kauliza kama amekuwa akimeza vidonge. Nimejibu ndiyo. Haraka, kama ninayejua.

Jumatatu, 10 Machi.
Mama kahamishiwa Arua kupigwa picha ya kichwa. Damu imevuja tena. Mimi nimepitia Abuku kuchukua nguo zake. Chini ya sanduku, kitambaa kimefungwa fundo. Vidonge vya presha, vya wiki tatu, vyote.

Taban kaeleza kwa upole, akidhani najua. "Mama alisema dawa mbili iko napigana ndani ya tumbo. Akachagua ile yako, maana wewe ni sista wa hospitali."

Nani Abuku asiyejua hilo? Bibi alitulea hivyo: ukinywa mizizi, ya hospitali hugusi mpaka mizizi iishe. Kliniki nawaambia wagonjwa kila siku, hii na hii, zote mbili, usiache. Wa nje nawaambia. Mama yangu nimemwachia akisie.

Jumanne, 11 Machi. Arua.
Nimemwambia daktari yote. Kichupa nimekiweka mezani kwake. Kasema huenda siku moja mafuta hayo yatasaidia watu, bado hatujui. Vidonge vya presha tunavijua. Hakunigombeza. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 13 Machi.
Taban bado ananishukuru kwa kumhangaikia Mama. Mchana nimemwambia yote. Katoka nje, hakurudi wodini mpaka jioni. Alipokaa, kaweka kiti upande wa pili wa kitanda.

Jumatatu, 17 Machi.
Mama anafumbua macho. Maneno hayatoki. Naona haya kufurahi.

Jumamosi, 22 Machi. Abuku.
Tumemrudisha nyumbani. Mkono wa kushoto umelala kabisa. Taban kaenda kuchota maji, nami nikapiga magoti kando ya mkeka. Nikamwambia Mama: ilikuwa bangi, nilikuficha, na vidonge sikukueleza. Kosa ni langu. Aliniangalia tu. Sijui kama ameelewa.

Kisha nikatoa kidonge cha presha. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza ni cha nini, taratibu, kama nilivyopaswa tangu mwanzo. Kabla sijaanza, akafungua mdomo kukipokea.