Muratina Uliovuka Bahari

Kijiji cha Tetu,
S.L.P. 318,
Nyeri.
16 Juni 1973.

Mpendwa ndugu yangu Muriithi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Meksiko? Kifua kimepona, au bado unalala dirisha wazi kama ulivyozoea? Sisi tu wazima. Mvua ilichelewa lakini imekuja, na leo asubuhi Mlima ulionekana mweupe hadi chini kuliko kawaida. Mimi bado nafundisha darasa la nne, na mavumbi ya chaki yamenikausha sauti.

Barua yako ya Februari sasa naijua kuliko sala ya Bwana. Baba amenitaka niisome kwa sauti mara saba. Hataki nifupishe. Nikiruka sentensi moja ananirudisha nyuma kama mwanafunzi mzembe, na ana sababu, utaiona huko mbele.

Anachopenda ni habari za mzee Eusebio wa Oaxaca, aliyekukaribisha kwake ulipopumzika kutoka kwenye mafunzo yako ya ngano. Anapenda kusikia kwamba mmea wao wa kupikia pombe hungojewa miaka minane au kumi kabla ya kukatwa, kwamba moyo wake huokwa shimoni siku kadhaa chini ya mawe na udongo, kisha husagwa kwa gurudumu la jiwe linalovutwa na farasi. Nilipofika pale ulipoandika kwamba zamani Wahispania walikipiga marufuku kinywaji hicho, na watu wakaendelea kukipika mabondeni, Baba alicheka mpaka akakohoa. "Ati hata huko walikuwa na DC?" akauliza. Unakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyolala korokoroni enzi za mkoloni kwa ajili ya kibuyu kimoja cha pombe ya asali.

Ndiyo maana alinituma nikupelekee muratina mmoja, tunda lake la kuumulia pombe, kutoka kikapuni mwake, umwonyeshe mzee mwenzake. Natumaini uliupata. Mimi niliona ni mchezo wa uzee, kupeleka ng'ambo tunda kavu lililokuwa jeusi kwa asali ya miaka mingi. Karani wa posta alininusa mimi badala ya kifurushi.

Tulikuwa na kichekesho pia. Uliandika kwamba mkonge wetu na mmea wao ni wa ukoo mmoja. Laiti usingeandika. Baba alikwenda mpakani kwa jirani yetu Wamae akang'oa mkonge mkubwa kuliko yote, ule uliokwisha kutoa mlingoti wa maua, kwa kuwa aliona mkubwa ndiye wa kuheshimiwa. Akauoka siku tatu. Ulitoka mchungu, nyuzi tupu, na mikono ikamwasha wiki nzima. Kumbe ulikuwa umeeleza kwamba hukatwa kabla ya mlingoti, na hiyo ndiyo sentensi niliyoiruka. Wamae naye akaja kuuliza mpaka umekwenda wapi. Baba alipanda mingine miwili mahali pale, Wamae akisimamia.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua kaka yetu Kingori ameokoka. Wiki ya Pasaka, Baba akiwa amekwenda kupimwa macho, Kingori aliingia nyumbani mwake, akatoa kikapu cha miratina, akakichoma nyuma ya zizi. Chote. Ni ile miratina aliyopewa Baba na babu, ambayo imeumua pombe ya kubariki kila binti wa nyumba hii siku ya ruracio yake, mahari inapoletwa. Sitaki umchukie Kingori. Alikuwa akilia alipochoma. Anaogopa kwamba Baba atakufa akiwa na kibuyu mkononi. Nayaelewa hayo, lakini nilikasirika na mpaka leo nimekasirika.

Baba hakugomba. Alikaa mbele ya majivu, kisha akaniambia nimsomee Kingori barua yako. Nikasoma mpaka pale mzee Eusebio anaposimika msalaba mdogo juu ya shimo la kuokea, na baadaye anamwaga tone la kwanza chini kabla ya kuonja.

"Soma tena hapo kwa msalaba," Kingori akasema.

Nikasoma. Akaondoka bila kumaliza chai yake.

Wiki mbili baadaye alirudi kutoka Kutus na gunia la miratina mipya, akaliweka mlangoni kwa Baba. "Mimi sitakunywa," akasema, "na siku ya kupika sitakuja." Basi. Kwa Kingori hilo si jambo dogo.

Shida ni kwamba miratina mipya haijui kazi. Hulowekwa pamoja na wa zamani, uiambukize nguvu. Baba anajua namna ya kuanza upya, ila anasema hiyo itakuwa pombe ya Kutus, siyo ya babu. Na wa zamani uliobaki ni mmoja tu, ule ulio nao wewe.

Naomba uurudishe, Muriithi. Baba amesisitiza mzee Eusebio aushike mkononi kwanza. Kisha uufunge kwa kitambaa kikavu, si nailoni, usije ukaota ukungu. Daktari amesema macho ya Baba hayatapona, na ruracio ya Gathoni, mdogo wetu, ni Desemba. Baba anataka kumpikia huyo wa mwisho angali anaona. Amesema mimi nitasimama karibu nijifunze, ingawa ni kazi ya wanaume. Kibuyu ameshakiosha. Kila nikitoka shule ananiuliza kama nimepitia posta.

Mama anakusalimu, anauliza kama huko unapata ugali. Gathoni anakusalimu kwa aibu za bibi harusi. Wamae pia anakusalimu, na anaomba usiandike tena habari za mkonge. Mungu wa Mlima huu, ambaye ni wa milima ya huko pia, akulinde na akurudishe ukiwa mzima.

Neno moja la mwisho. Kama umeutupa, au umepotea, usiliandike hilo katika barua. Barua zako ninazisoma mimi kwa sauti, na safari hii Baba hataniruhusu kuruka hata sentensi moja.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Wachuka