Mguu wa Kaka Shabani Hautahitajika

Jumapili, mwisho wa Julai. Upepo umeanza kabla sijafungua macho, upepo wetu huu wa kugongesha mabati na kutia vumbi kwenye chai. Baridi nayo ipo. Siku hizi goti langu linaijua baridi kabla yangu.

Mimi ni refa. Kazi yangu ni kuamua ndani ya sekunde mbili huku watu ishirini na wawili wakinifokea, na nikishaamua sirudi nyuma. Lakini uamuzi wa goti langu mwenyewe umenishinda wiki tatu nzima.

Kwa mliofika kwenye ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: mwezi Mei, kwenye mechi ya wasichana, niligeuka ghafla kufuata mpira, mguu wa kulia ukabaki pale pale. Nikasikia kitu kimekatika ndani. Hakuna aliyenigusa. Nilianguka mwenyewe, mbele ya wachezaji ambao dakika chache kabla nilikuwa nimewaonya waache kujiangusha.

Kipimo kilionyesha kano ya katikati ya goti imekatika kabisa. Ndiyo inayolizuia goti lisiteguke mtu anapogeuka. Kutembea natembea. Kukimbia na kugeuka, hapana. Refa asiyeweza kugeuka ni mtazamaji aliyevaa sare.

Daktari wa mifupa, kule Dodoma, aliniambia ile iliyokatika haishonwi, inawekwa nyingine mahali pake. Wanaweza kuichukua kwenye mwili wangu, nyuma ya paja, au watumie ya mtu mwingine. Njia ya kuichukua mbele ya goti tuliiacha mapema, nilipomwambia kwamba nasali na nahitaji kupiga magoti. Akanipa muda nikafikiri.

Hapo ndipo nilipokosea. Jana usiku niliandika kwenye kundi la familia mstari mmoja tu: "Daktari anauliza, aweke kano yangu au ya mtu mwingine?" Nikazima simu, nikalala.

Sisi tumezoea. Mgonjwa akihitaji damu, ndugu wanaitwa, na wanakwenda. Kwa hiyo walipousoma ule mstari hakuna aliyejiuliza huyo mtu mwingine ni nani. Ni ndugu, nani tena?

Leo mchana nimefika kwa mama, huko Unyambwa, nikawakuta wamenisubiri. Mama, shangazi Zuhura ambaye ni dada wa marehemu baba, na kaka yangu Shabani, anayechomelea mageti pale Mandewa. Shabani hakuwa amekula tangu asubuhi, maana alisikia mtu wa kupasuliwa hatakiwi kula. Hata sijamaliza kuwaamkia, amekunja suruali hadi juu ya goti na kuweka mguu kwenye stuli.

"Mdogo wangu, chukueni huu wa kushoto," akasema. "Wa kulia ndio wa breki ya pikipiki."

Nacheka sasa ninapoandika. Pale sikucheka.

Kwa dakika nzima nilitamani kuukubali mguu wake. Naandika hapa kwa sababu mbele yake nisingeweza kulisema hilo.

Kisha nikawaeleza vizuri. Kwamba kano hiyo haitoki kwa mtu aliye hai. Inatoka kwa mtu aliyefariki, aliyekubali mwenyewe au ndugu zake wakakubali, ikahifadhiwa kwenye baridi kali, nasi tungeiagiza kutoka nje ya nchi.

Nilidhani watashtuka, watasema mambo gani haya. Shangazi ndiye aliyeongea wa kwanza.

"Sasa mwanangu, huyo marehemu tutakuwa tunamwombea kwa jina gani?"

Nilikuwa nimemuuliza daktari kuhusu kidonda, kuhusu maumivu, kuhusu miezi. Kuhusu yeye sikuwa nimeuliza chochote.

Nikaona aibu, na aibu ile ikanilazimisha kukubali ukweli. Nilikuwa naitaka ile ya marehemu. Kidonda kinakuwa kidogo, maumivu ya mwanzo yanapungua, na paja langu haliguswi. Paja hili ndilo nguvu yangu ya kukimbia, naogopa mno kulichokonoa. Ila daktari alisema na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu: kwa mwenye umri wangu, atakayerudi kukimbia na kugeuka kila wiki, ile ya kupewa hukatika tena mara nyingi zaidi kuliko yake mwenyewe. Nililisikia vizuri siku ile ile. Nikajifanya sijasikia, kama ninavyojifanya kwa makocha wanaopiga kelele pembeni ya uwanja.

Nikawaambia nachukua yangu.

Mama akaniuliza mara mbili kama nina hakika, na paja je, litapona? Nikamjibu kwamba litarudi kwa mazoezi, kwamba ni miezi tisa, pengine mwaka. Ligi itaanza bila mimi. Linaniuma hilo, sitadanganya.

Shangazi akainua mikono, akamwombea yule mtu hivyo hivyo, bila jina, yeye na yeyote atakayepewa kano yake. Tukaitikia amina. Shabani akashusha suruali taratibu. Nilimwona amefarijika, na nilimwona anaona aibu kwa kufarijika. Nikampenda kuliko siku zote. Kisha akaomba ugali, akala wa watu wawili. Akasema kama mguu umekataliwa, basi nikianza magongo nitaegemea bega lake, na bega hilo hatauliza ni la kushoto au la kulia.

Filimbi yangu ilikuwa hapa mezani, bado na vumbi la Mei. Nimeifuta na kuirudisha kwenye mkoba wa mechi.

Kesho saa mbili kamili asubuhi nampigia daktari. Naogopa, na nitapiga hivyo hivyo. Mechi zangu zote nzuri nilizianza nikiogopa.